Ukifanya kazi chini ya Mchina, mjue kwanza bosi wa bosi wako

MIONGONI mwa mambo yanayojadiliwa sana pale mpakani Rusumo, kuanzia kwa wabadilisha fedha hadi kwa akina mama wanaosubiri mikungu ya ndizi kutoka Ngara, ni kazi za Wachina. Nani anaandika watu wiki hii? Analipa kwa siku au kwa mwezi? Na je, ni kweli kwamba hata ukifiwa hupewi ruhusa? Maswali hayo nimeulizwa mara nyingi mno, kwa sababu watu wanajua kwamba kwa miaka sita ugali wangu ulitoka kwa Wachina.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mmoja wa Wanyarwanda tuliorudi kupitia Rusumo mwaka 2013, wakati maelfu yetu tulipoondolewa mkoani Kagera. Tulipokelewa kambini Kiyanzi, wilaya ya Kirehe, wengine tukiwa na godoro na sufuria tu. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchechemea, Kifaransa sikuwa nacho, na Kiingereza ndiyo vile tena. Kiswahili ndicho kilichonipatia kazi. Mwaka 2016 kampuni moja ya Kichina, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa inajenga barabara, na baadhi ya mafundi wake walikuwa wametoka kwenye miradi ya Tanzania wakiwa na Kiswahili chao cha saiti. Nilianza kama yede, yaani saidia fundi, nikahamia stoo, na mwishowe nikawa mtu wa kutumwa huku na huku kati ya ofisi na vibarua, hadi nilipoondoka mwaka 2022.

Jambo ambalo limenisukuma kuandika ni hili. Watu wetu wana kapu moja kubwa linaloitwa "desturi za Wachina", na kila kinachowaudhi kazini wanakitupa humo. Mengine kweli ni desturi, na mtu akizijua maisha yake yanakuwa mepesi. Mengine si desturi hata kidogo, ni saa ya mkataba, ambayo ingemfanya hata shemeji yako awe mkali. Na mengine ni uvunjaji wa sheria mtupu, ambao hauna kabila wala taifa. Asiyeyatenganisha atanyamaza mahali pa kudai, na atapiga kelele mahali pa kunyamaza.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo heshima inapoanzia. Mchina hutanguliza jina la ukoo, na kazini mkubwa haitwi kwa jina tupu. Mkuu wa mradi wa ukoo wa Wang ataitwa Wang zong. Mhandisi wa ukoo wa Li ataitwa Li gong. Fundi mzee anayeheshimika ni shifu, neno lenye maana ya mwalimu wa ufundi. Kijana hutangulizwa "xiao", aliyekula chumvi hutangulizwa "lao". Vibarua wetu waliwaita wote "bosi" au "rafiki", na hakuna aliyewakasirikia kwa hilo. Ila nilikuwepo siku dereva mmoja wa lori la kokoto alipomwita mhandisi "Li gong" kwa mara ya kwanza. Yule bwana aligeuka, akamtazama, akacheka mpaka macho yakafumba. Tangu siku hiyo karatasi za dizeli za dereva yule hazikulala mezani.

(Hapa niseme pia kwamba si kila mhandisi mwenye macho ya namna ile ni Mchina. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani vilijengwa kwa msaada wa Japani, na bado watu wanasimulia "walipojenga Wachina". Kazi za ujenzi za bwawa la umeme la Rusumo, lile la megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania, hizo ndizo zilizofanywa na kampuni za Kichina.)

Baada ya majina, ngazi. Neno ambalo utalisikia ofisini kila baada ya dakika kumi ni "lingdao", yaani kiongozi. Na kila lingdao ana lingdao wake. Kosa la vibarua wengi ni kudhani kwamba Mchina anayesimama juu yao barabarani ndiye mwenye kampuni. Yule ni mwajiriwa kama wewe. Ana mkataba, ana mke na mtoto aliowaacha maelfu ya kilomita, anakwenda likizo mara moja kwa mwaka, na kuna mtu anayempigia simu jioni kumuuliza leo zimepigwa mita ngapi.

Nitoe mfano wa buti. Msimu wa mvua za masika vibarua waliomba buti za mpira. Msimamizi akajibu neno moja, "meiyou", hakuna. Basi saiti nzima ikasema yule ni bahili, anafurahia tukikanyaga tope. Mimi nilikuwa stoo, karatasi niliiona. Alikuwa ameshaandika maombi ya jozi 40 siku tatu kabla. Karatasi ile ilihitaji sahihi nne: yake, ya mtu wa vifaa, ya mhasibu na ya meneja wa mradi, na meneja alikuwa Kigali. Kwa nini basi hakuwaambia watu kwamba ameomba na anasubiri? Kwa sababu kusema "nimeomba, sijajibiwa" ni kujionyesha mdogo mbele ya walio chini yake. "Hakuna" ni jibu rahisi zaidi kwake, na ni kweli pia, maana stoo hazikuwemo.

Katika kampuni za serikali ya China, ambazo ndizo nyingi kwenye barabara kubwa, kuna hata ngazi ambayo sisi hatuioni: katibu wa Chama cha Kikomunisti. Haongozi greda wala hakagui zege, lakini neno lake kuhusu wafanyakazi wao lina uzito mkubwa, na mara nyingine meneja mwenyewe humsikiliza. Kwa hiyo ukitaka jambo kwa Mchina, swali la kwanza lisiwe "kwa nini amekataa?" bali "nani anasaini?"

Kuna Mholanzi aliyeitwa Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitunga kipimo cha namna watu wanavyolikubali pengo kati ya mkubwa na mdogo. Katika orodha yake China ina alama 80, Afrika Mashariki 64, Marekani 40. Vipimo vya namna hiyo navichukua kwa tahadhari, binadamu si mchele wa kupimwa kwa kilo. Lakini hiki kinakubaliana na nilichokiona: kwa jambo la mkubwa na mdogo, sisi tuko karibu zaidi na Mchina kuliko na Mzungu. Hata kwetu kijana hamsahihishi mzee mbele ya wageni.

Wachina wana neno la jambo hilo, "mianzi", yaani uso. Mtu ana uso mbele ya wenzake, na uso huo unaweza kupewa, kupotea, au kuvuliwa na mtu mwingine. Fundi mmoja wa nondo, mtu hodari sana aliyejifunza kazi Mwanza, aliona siku moja kwamba nafasi kati ya nondo za kalavati haikulingana na ramani. Akapaza sauti mbele ya watu ishirini: "Bosi, hapa umekosea!" Na kweli ilikuwa imekosewa. Mhandisi akawa mwekundu, akafoka, akaamuru kazi iendelee vilevile. Jioni, watu walipokwisha kuondoka, nikamwona peke yake pale kalavati na tochi na futi, anapima. Asubuhi nondo zilifunguliwa na kufungwa upya kama fundi alivyosema. Hakuna aliyeomba radhi, na fundi akahamishiwa kikosi cha mitaro, wiki tatu.

Miezi kadhaa baadaye jambo la aina hiyo lilitokea tena kwa fundi mwingine, mzee wa Kayonza mwenye busara zake. Yeye hakusema neno. Alisubiri wakati wa chai, akabeba ramani hadi kwa mhandisi, akaiweka mezani, akaweka kidole mahali penyewe na kuuliza: "Li gong, hapa mimi sijaelewa, nisaidie." Mhandisi akatazama, akanyamaza, akachukua kalamu. Dakika tano baadaye alitoka mwenyewe na kutangaza mabadiliko kana kwamba ni wazo lake. Mzee akawa anaitwa shifu hata na Wachina wenyewe. Nimewahi kumsimulia jamaa kisa hiki, akasema huo ni unafiki. Mimi naona mzee alipata alichokitaka, yaani kalavati lisilobomoka.

Lugha nayo ina mitego. Kichina hakinyumbui vitenzi kama Kiswahili. Kitenzi kinabaki hivyohivyo kwa jana, leo na kesho, kwa mimi na kwa wewe. Mchina akikivaa Kiswahili anakivaa hivyohivyo: "Wewe leta maji! Wewe kimbia! Yeye iko wapi?" Kwa sikio letu, hasa sisi tuliolelewa Tanzania kwa "naomba" na "samahani", hilo ni tusi la asubuhi. Yeye hakukusudia tusi. Siku moja msimamizi aliwaambia vibarua wanane, "Kesho hapana kuja." Wakalia kwamba wamefukuzwa, wawili wakaondoka jioni ileile kurudi kwao Ngoma. Kumbe alimaanisha kesho ni mapumziko kwa sababu lami haikufika. Tangu hapo nikajiwekea utaratibu wa kurudia agizo kwa maneno yangu huku nikionyesha kalenda kwenye simu.

Kwa upande wao, salamu zetu zinawachosha. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mifugo je: Mchina anasimama pale akihesabu dakika. Salamu ya wazee wao ilikuwa kuuliza kama umekula, basi. Lakini kujifunza hutoka pande zote mbili, na wapo waliojifunza. Redio China Kimataifa imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961, na vyuo vya Beijing vinafundisha lugha yetu tangu miaka ya 1960. Mkalimani wao mmoja alinisahihisha ngeli mbele ya watu, nami nikacheka tu.

Sasa tuje kwenye "kuai kuai", haraka haraka, maneno mawili ambayo kila mtoto wa kando ya barabara anayajua. Hili wengi wanaliita ukali wa kabila. Mimi nimeona hesabu zake. Kampuni hizi hushinda zabuni kwa bei ya chini, kisha mkataba unakuwa na faini kwa kila siku ya kuchelewa. Mvua zikinyesha mwezi mzima, siku zinaliwa. Greda la kukodi linalipiwa hata likilala. Meneja anajua kwamba akichelewa, atakayeulizwa si kampuni, ni yeye. Ongeza hapo malezi yao ya "chi ku", kula uchungu, yaani kuvumilia shida bila kulalamika na kuona fahari katika hilo, na utaelewa kwa nini haoni ajabu kufanya kazi hadi saa mbili usiku akitarajia nawe usione ajabu. Wao wanalala kwenye mabati kambini, wanakula pamoja bosi na dereva, na jioni hawana pa kwenda. Wewe una mke, shamba la maharage na umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Lakini saa sita mchana dunia inasimama. Wanakula, kisha wanalala. Usingizi ule wa mchana kwao ni kama swala kwa wengine. Nimeona afisa wa serikali akija na gari lake saa saba kasoro, akapigishwa honi hadi akachoka.

Kuna jambo moja ambalo wanastahili sifa, na wazee wetu wanalikumbuka. Barabara ya Kigali hadi Rusumo ilijengwa na Wachina miaka ya 1970, wakati uleule walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Mwanahistoria Mmarekani Jamie Monson, ambaye kitabu chake kuhusu reli hiyo kilitoka mwaka 2009, aliwahoji wafanyakazi wa zamani, na wengi walikumbuka jinsi Mchina alivyofundisha kwa mikono: anashika koleo, anafanya, unatazama, unafanya. Hilo bado lipo. Shifu aliyenifundisha kukagua ubora wa kokoto hakuwa na maneno thelathini ya Kiswahili. Alinishika mkono, akautia kwenye lundo, akachagua jiwe bovu na kulitupa, akachagua zuri na kulibusu. Sijasahau somo lile.

Tofauti ni kwamba wale wa TAZARA walikuja kwa siasa. Zhou Enlai alitangaza mwaka 1964 alipozuru Afrika kwamba wataalamu wa China wataishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi mwenyeji. Wa leo wamekuja kwa faida, na faida ina mahesabu yake. Anayewatarajia wa leo wawe kama wale wa babu zetu atakata tamaa bure.

Nimefika sasa kwenye msiba, swali lile la wabadilisha fedha.

Mwaka 2019, wakati wa kiangazi, mfunga nondo mmoja alifiwa na mama yake mzazi. Wenzake tisa wakaondoka naye kwenda kuchimba kaburi, kubeba jeneza na kukesha. Kwetu hilo halijadiliwi. Walikaa siku mbili, na kabla ya kuondoka walimwachia kapita ujumbe. Kwa wasomaji wa Tanzania, kapita ndiye nyapara, mtu wetu anayesimamia vibarua na kupeleka majina yao ofisini. Waliporudi walikuta watu wengine kumi wamevaa viakisi-mwanga vyao. Saiti nzima ikatoa hukumu: Wachina hawana utu, hawajui kufiwa.

Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio mkononi. Mbele ya majina kumi, kwa mwandiko wa kapita, paliandikwa "wametoroka". Wale kumi wapya walitoka kijiji chake, na kila mmoja, kama walivyokuja kusema wenyewe baadaye, alikuwa amempa kitu kidogo. Msimamizi Mchina aliambiwa kwamba vijana wake wamekimbilia mradi mwingine unaolipa zaidi, akachukia, akasaini.

Nilimweleza ukweli mchana ule. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na noti amezifunga katika karatasi nyeupe, akamwendea yule mfiwa na kumkabidhi kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa. Nyeupe ndiyo rangi ya msiba kwao, na rambirambi hutolewa hivyo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba Mchina hajui kufiwa. Lakini nilipouliza kuhusu kazi, akatikisa kichwa: lingdao ameshasaini.

Basi tukaenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Huyu mtu yupo katika kila wilaya ya Rwanda na huduma yake ni bure, ila wengi wetu tuliorudi kutoka nje hatumjui. Yeye hakuuliza habari za desturi. Aliuliza: mkataba uko wapi? Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo, na vijana saba kati ya kumi walikuwa wamevuka miezi mitano bila karatasi. Kuhusu ruhusa, mfiwa alikuwa na haki yake, maana sheria inatoa likizo ya dharura kwa kufiwa na mzazi. Wale tisa hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni mila, na mila haina kifungu. Hilo liliwauma, nami liliniuma, lakini ndivyo lilivyo, na lingekuwa hivyohivyo kwa mwajiri Mnyarwanda au Mhindi.

Mwishowe kampuni ililipa siku walizodaiwa vijana, ikalipa fidia kwa wale saba, ikamrudisha mfiwa peke yake, na ndani ya mwezi mmoja vibarua wote waliobaki wakaandikiwa mikataba kwa Kinyarwanda na Kichina. Kapita je? Kapita alibaki hadi mradi ulipokwisha. Nilishangaa, kisha nikaelewa. Kumwondoa kungekuwa kutangaza kwamba msimamizi alidanganywa na mtu wake mwenyewe kwa daftari lake mwenyewe. Uso tena.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu naona humo ndimo mgogoro mwingi ulimo. Kati ya Mchina asiyejua lugha na kibarua asiyejua ofisi anasimama mtu wetu, na yeye ndiye anayetafsiri. Akitaka, "nimefiwa" inageuka "nimetoroka".

Yapo mengine ambayo hayahitaji hata kujadiliwa. Mwaka 2021 ilisambaa video ya meneja Mchina wa mgodi magharibi mwa Rwanda akimpiga viboko mfanyakazi aliyefungwa kwenye mti. Aprili 2022 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 20, na Mnyarwanda aliyeshirikiana naye akapewa 12. Ubalozi wa China mjini Kigali uliwataka raia wake waheshimu sheria za nchi. Nilisikia watu wakisema, na wengine ni watu wa makamo, kwamba "ndivyo walivyolelewa kwao". Hapana. Nimekaa nao miaka sita na hakuna aliyemnyanyulia mtu mkono.

Wala wote si wa aina moja. Ching Kwan Lee, mtafiti aliyeandika kitabu mwaka 2017 kuhusu kampuni za Kichina nchini Zambia, anaeleza kwamba mgodi wa serikali ya China kule Chambishi ulilipa mishahara midogo kuliko wenzake, lakini msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipoangusha bei ya shaba haukupunguza watu, wakati migodi ya wawekezaji wengine ilifukuza maelfu. Huko huko Chambishi, mwaka 2005, mlipuko katika kiwanda cha baruti uliua watu wapatao 50. Mahali pamoja, mwajiri wa taifa moja, mambo mawili. Kampuni binafsi ndogo, yenye mmiliki anayelala juu ya fedha zake, ni mnyama mwingine kabisa. Huko hakuna sahihi nne. Kuna sahihi moja, na ikinuna, imenuna.

Nimalizie na wafanyabiashara, maana wao hawaajiriwi na Mchina lakini wanamtegemea.

Kambini mtu wako si meneja, ni mpishi. Yeye ndiye anayejua kwamba tangawizi imekwisha, na anataka vitunguu saumu, pilipili, kabichi, mayai, nyama ya nguruwe, na samaki mzima mwenye kichwa, ikiwezekana anayetapatapa. Usiende saa saba mchana, nimeshasema. Angalia vipimo: Wachina kwao wanapima kwa "jin", ambayo ni nusu kilo. Mama mmoja wa Nyakarambi aliuza nyama wiki nzima akidhani bei waliyokubaliana ni ya nusu kilo kama mpishi alivyotaja, mpishi akidhani mama anataja kilo, na siku ya malipo palikuwa na kelele. Tazama pia vidole. Mchina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja: kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa kwa pamoja si mbili, ni nane. Andika namba kwenye simu, muonyeshe, naye aandike yake.

Akikuambia "yanjiu yanjiu", yaani tutalichunguza, usikae getini kusubiri. Mara nyingi hiyo ni hapana iliyovaa koti. Akikukaribisha mezani, kaa ule, hata kama chakula hukijui. Bei mara nyingi haitajwi pale, lakini uamuzi wa kukuamini hufanyika pale. Risiti ya mashine ya kodi ni lazima, kwa sababu bila karatasi mhasibu wao hawezi kumlipa hata kaka yake. Na usipandishe bei kidogo kidogo kila wiki. Mwambie mapema kwamba mwezi ujao viazi vitapanda, naye atampelekea mkubwa wake maneno, na mkubwa atakasirika, kisha atasaini.

Wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo wanajua habari ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, mwaka mpya wao, unaohama kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Viwanda vinafungwa, mafundi wanarudi vijijini, na baadhi hawarudi kiwandani walikotoka. Mambo ni hayohayo hapa kambini: nusu ya Wachina wanasafiri, mwenye sahihi hayupo, na ankara iliyopelekwa wiki ya mwisho inalala hadi Machi. Mwaka 2027 sikukuu hiyo itaangukia tarehe 6 Februari. Mwenye deni la kabichi alidai kabla ya katikati ya Januari, na alidai asubuhi.